Fila ya midomo: laki saba na nusu kuweka, laki nne na nusu kutoa

Nimechelewa kuandika hii rivyu maana mwanzoni nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anaandika mambo ya kumpeleka polisi. Sasa imepita miezi mitatu, mdomo umepona karibu wote, naweza kusema vizuri. Sehemu ni mbili. Ya kwanza ndiko nilikochomwa fila, ile jeli ya sindano ya kujaza midomo, ya pili ndiko nilikokimbilia ikayeyushwe. Zote ziko hapa Dar na zote majina siyataji, ya kwanza kwa sababu sina hela ya wakili, ya pili kwa sababu nikiitaja tu mtajua ya kwanza ni ipi, mji wenyewe huu mdogo.

Mimi mdomo wa chini umejaa wa juu mwembamba, nimeuchukua kwa baba, na tangu shule nilikuwa natamani ulingane. Mdogo wangu alikuwa na sendofu, nikasema basi na mimi nitokelezee, nikaingia Insta nikaanza kuangalia picha za kabla na baada. Hilo ndilo kosa langu la kwanza na nalikiri, nilichagua sehemu ya kuchomwa sindano usoni kwa njia ile ile ninayochagulia mtu wa kunisuka.

Sehemu yenyewe siwezi kudanganya ni nzuri. Kiyoyozi kinapuliza, vigae vinang'aa, mapokezi wanakuita mpenzi, nikaletewa juisi ya pasheni ya baridi kabisa. Bei walinitajia laki saba na nusu kwa mil moja, yaani mililita, na ndiyo niliyolipa, hakuna cha kuongezewa mlangoni, risiti ya EFD nilipewa bila kuomba. Mil moja ukiisikia unaweza kudhani ni nyingi, kijiko cha chai kinabeba mil 5 sasa jipigie mwenyewe. Nikapakwa krimu ya ganzi, nikapewa fomu kurasa mbili za Kingereza kitupu, nikasaini juu ya kaunta huku mkono mwingine umeshika juisi. Mazungumzo na mchomaji hayakufika dakika kumi. Hakuniuliza natumia dawa gani, hakuniuliza kama nanyonyesha, hakuniuliza kama huwa natoka vidonda vya mdomoni vya homa. Aliniuliza nataka shepu gani.

Bomba la sindano lilikuja kwenye sinia limeshafunguliwa. Boksi sikuliona, jina la fila sikuliona, tarehe ya kuisha sikuiona, na mimi ambaye sokoni nanusa samaki mpaka muuzaji ananichukia, nililala pale kimya kama nimelogwa. Mchomaji mkono wake mwepesi, nampa haki yake, maumivu kidogo tu. Akimaliza akanikalisha mbele ya ile taa ya duara akanipiga picha ya baada. Nikajiangalia kwenye kioo nikasema aisee. Shepu ilitoka.

Niliondoka kwenye saa tano asubuhi. Jioni naosha vyombo nikaanza kusikia mdomo wa juu kushoto unawaka, kama umepakwa pilipili halafu mtu anauvuta. Nikajua ganzi inaisha, nikameza panadol nikalala. Saa nne usiku nikaamka kwa maumivu. Baba watoto akawasha tochi ya simu akanimulika, akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "mbona hapa pamekuwa kama majivu?" Kweli, kuanzia katikati ya mdomo wa juu kwenda kushoto, kupanda mpaka karibu na pua, rangi ilikuwa imepauka, na pembeni ya pale palipopauka kuna michoro michoro ya zambarau nyeusi, kama wavu wa samaki umelazwa juu ya ngozi. Upande wa kulia umevimba tu kawaida.

Nikatuma picha kwa ile namba ya kliniki. Jibu likaja saa tano na robo kwa voisi noti, sauti tamu kweli, "ni kawaida dear, ni kuvimba tu, weka barafu ulale, kesho utakuwa fresh." Nikaweka barafu. Usiku mzima naweka barafu. Shikeni hapo kwenye barafu nitarudi.

Asubuhi nikapiga simu, nikaambiwa mtaalamu yuko na mteja. Nikapiga tena saa tatu, nikaambiwa hivyo hivyo. Ndipo shoga yangu mmoja ambaye ni nesi nikamtumia picha, hakunijibu kwa meseji, alipiga. Swali lake la kwanza, "hao watu wana dawa ya kuyeyusha?" Sikujua hata kama kuna kitu kama hicho. Nikapiga kliniki nikauliza. Dada wa mapokezi akasema ngoja niulize, nikasikia wanaongea ongea huko ndani, akarudi akasema kwa sasa imeisha ila wanaweza kuagiza. Kuagiza! Mdomo unakufa halafu unaagiza.

Hapo sasa ndiyo sehemu ya pili. Shoga akanitafutia dokta wa ngozi upande wa Msasani, nimefika saa sita mchana, yaani masaa ishirini na tano tangu nichomwe. Jengo ni la kawaida sana, viti vya plastiki, feni inalia kwiki kwiki, hakuna juisi. Mapokezi dada kaniangalia mara moja tu akainuka kwenda kugonga mlango wa dokta, sikukaa hata dakika tano na kulikuwa na watu watatu mbele yangu.

Dokta ni mama wa makamo, hana maneno mengi. Akanigeuza midomo ndani nje, akaangalia fizi, akasema kwa ngozi zetu nje panadanganya, ndani ya mdomo hapadanganyi. Kisha akabonyeza kwa kidole upande wa kulia, akaachia, rangi ikarudi kabla hajamaliza kusema mbili. Akabonyeza kushoto, akaachia, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akaacha kuhesabu. "Dada, fila imeziba mshipa wa damu." Hivyo tu.

Akanielezea huku anaandaa vitu vyake. Fila zinazotumika sana midomoni ni za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe unacho kwenye ngozi na kwenye maungio, kazi yake kushika maji, ndiyo maana mdomo unajaa. Siyo kitu cha jana pia, Marekani waliiruhusu moja yake inayoitwa Restylane mwishoni mwa 2003 kwa makunyanzi ya uso, ya midomo ikafuata 2011. Uzuri wake ni kwamba ina dawa yake ya kuiyeyusha, inaitwa hayaluronidesi. Ubaya wake ni kwamba ikiingia ndani ya mshipa, au ikikaa pembeni ikaubana, damu haipiti, na nyama isiyopata damu inakufa. Halafu fila nyingi zimechanganywa na dawa ya ganzi humo humo, kwa hiyo yale maumivu ya kukustua unaweza usiyasikie mpaka ushafika nyumbani. Nikakumbuka vyombo vyangu kwenye sinki.

Nikamwambia nimeweka barafu usiku kucha. Aliguna. Barafu inafanya mishipa isinyae, na mimi mshipa wangu tayari umezibwa, kwa hiyo nilikuwa namsaidia adui. Kwa kuvimba kwa kawaida barafu ni sawa, ila pakipauka na maumivu yanapanda ni kitambaa cha maji ya uvuguvugu na kukanda taratibu, na kubwa kuliko yote ni kukimbia hospitali. Yaani ile voisi noti tamu ilikuwa imepishana na ukweli kama mchana na usiku.

Kabla hajanichoma aliniuliza swali ambalo nilidhani ananitania, kama nimewahi kuumwa na nyuki nikavimba mwili mzima au nikashindwa kupumua. Kumbe sumu ya nyuki ina kitu cha jamii hiyo hiyo ya hayaluronidesi, mwenye aleji kali ya nyuki anaweza kuzidiwa na dawa. Mimi nyuki ameshaniuma kwa bibi kule Korogwe nikalia tu nikapewa asali, tukaendelea.

Sasa kuyeyusha kunauma jamani, kuyeyusha kunauma kuliko kuweka, inachoma kama ndimu kwenye kidonda, na anakuchoma sehemu nyingi maana anafuata njia yote iliyopauka, siyo pale tu ilipoingia sindano ya kwanza. Chupa moja ya uniti 1500, akakanda, akaniwekea kitambaa cha uvuguvugu, akanipa aspirini nitafune, tukasubiri saa nzima nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akabonyeza tena. Nne. Akasema bado, tunarudia. Chupa ya pili, saa nyingine, akabonyeza, na mimi sasa nahesabu naye kimoyomoyo, rangi ikarudi kwenye mbili. Nililia pale pale, nesi akanipa tishu akadhani nimeumia.

Na mdomo ukasinyaa wote, hilo mjue. Dawa haichagui fila nzuri na fila mbaya. Saa tisa alasiri nilikuwa nimerudi na mdomo wangu wa baba, umevimba, una matundu, laki saba na nusu imeyeyuka.

Kabla sijatoka akaniambia kitu ambacho nilikithamini baadaye. Akasema siku ya pili ya tatu hapo palipokosa damu vinaweza kutoka vipele vidogo vyenye usaha, watu wengi watakuambia ni herpes, vile vidonda vya mdomoni vya homa, wewe usikubali, rudi kwangu. Jumapili vikatoka. Nikawatumia picha wale wa kwanza, kwa ujinga tu nione watasema nini, wakajibu "hiyo ni herpes dear, haihusiani na sisi." Neno kwa neno. Kwa haki niseme herpes nayo inaweza kuamshwa na sindano za midomoni, ndiyo maana mchomaji makini anakuuliza mapema na anaweza kukupa vidonge vya kinga kabla, lakini wangu hakuniuliza kwa hiyo hakuwa na pa kusimamia.

Ikatoka gamba dogo jeusi juu ya mdomo, saizi ya punje ya mchele, sendofu nikaenda na barakoa. Mashangazi wananiuliza korona imerudi? Nikasema mafua. Kwenye picha za familia zote mimi ndiye yule aliyefunika uso kama jambazi. Gamba limeanguka wiki ya tatu, limeacha alama nyeusi, na ngozi zetu mnazijua zinavyotunza kumbukumbu, dokta kasema hiyo alama inaweza kuchukua miezi, nipake sanskrini na niache kujikwangua. Kovu la kubonyea hakuna, amesema ningechelewa siku moja au mbili zaidi tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Hesabu ya sehemu ya pili: kumwona dokta elfu 60, chupa mbili za kuyeyusha laki na themanini kila moja, dawa za kwenda nazo elfu 38. Jumla laki nne na elfu 58. Bima yangu ilikataa yote, wamesema ilianzia kwenye urembo. Ninachowatoa marks hawa wa pili ni malipo tu, siku ile hawakupokea lipa namba, baba watoto alikimbia na boda kutafuta ATM mimi nimelala na kitambaa mdomoni, na paking ni ya kugombania. Nyota nne na nusu.

Wa kwanza nawapa mbili, na hizo mbili ni za usafi na risiti. Niliporudi kuwaambia wanirudishie hela, mwenye kliniki akaniita ofisini, kwa upole sana, akasema kwa sababu mimi ni mteja wao mzuri atanipa mil moja ya fila bure. Nilimwangalia. Ukutani nyuma yake kuna vyeti vimewekwa kwenye fremu, na safari hii nikavisoma. Cha mchomaji wangu kilikuwa cha mafunzo ya siku mbili. Cha udaktari sikukiona. Ningetakiwa kuviuliza kabla ya juisi, na jina la mtu lingenitosha kwenda kulitafuta Baraza la Madaktari kama lipo kwenye orodha yao.

Tangu yanipate watu wananifungukia, kumbe tuko wengi. Kuna mfanyakazi mwenzangu alichomwa chini ya macho kuondoa weusi, sasa akiamka asubuhi ana vifuko na kwenye mwanga panaonekana kama rangi ya bluu kwa chini, nilimpeleka kwa yule yule dokta, akasema fila imekaa juu juu sana ndiyo maana inaonekana hivyo, hiyo siyo ya dharura, inayeyushwa taratibu. Kuna mwingine alipata uvimbe mgumu kama harage miezi minne baada ya kuchomwa shavuni, akafikiri ni kansa. Na kuna binti wa jirani kanunua mtandaoni ile kalamu inayosukuma fila kwa presha bila sindano, anachomana na wenzake hosteli, nikamwambia mwanangu FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishatoa onyo 2021 watu wasitumie hizo kalamu kujaza midomo na uso, akaniambia anti mbona ina rivyu nzuri. Sikuwa na jibu la haraka.

Pua ndiyo inayonitisha zaidi maana naona watu wanaisifia, pua imenyooka ndani ya dakika kumi na tano bila kisu. Nilimuuliza dokta, akasema yeye pua hachomi, na katikati ya nyusi hachomi. Mishipa ya pale imeungana na ya jicho, fila ikisukumwa ikarudi nyuma ikaziba mshipa wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoona, mtu anapoteza kuona, na kuokoa jicho kunahesabiwa kwa dakika, hakuna cha nitakuja kesho asubuhi. Ukichomwa popote usoni halafu ukaona giza, au vitu viwili viwili, au kope inaanguka, au kichwa kinapasuka ghafla, hapo hapo ulipo piga kelele. Akasema na zile fila za kudumu, silikoni na ndugu zake, hizo hazina cha kuziyeyusha, ukijuta unajuta na upasuaji.

Mkiniuliza kama nitachoma tena, jibu mtanicheka. Nimemuuliza dokta, amesema subiri alama iishe kwanza, halafu tutaongea, na siyo wiki moja kabla ya sherehe maana hata ikienda vizuri uvimbe na madoa ya damu vinataka kama wiki mbili kutulia. Nilimwona akimchoma mteja mwingine, kanifungulia mlango kwa ruhusa ya yule dada. Boksi lilifunguliwa mbele ya mteja, akasomewa tarehe, na vile vistika vya namba ya toleo vikabanduliwa, kimoja kikabandikwa kwenye faili, kingine kwenye kadi yake akaondoka nacho. Chupa za kuyeyusha ziko kwenye kifriji kidogo nyuma ya mlango, alizihesabu kwanza ndiyo akavaa glavu. Nilikuwa nimetoa laki saba na nusu sehemu ambayo hicho kifriji kilikuwa na juisi.

Jambo la mwisho, picha yangu ya baada bado iko kwenye peji yao. Ile ya taa ya duara, dakika kumi baada ya sindano. Nimeikuza mara nyingi, na ukijua pa kuangalia, kushoto juu ya mdomo pameshaanza kupauka pale pale, kama pamepakwa unga, na yeye alikuwa ameshika simu nusu mita kutoka usoni kwangu. Chini watu wameandika moto moto, wengine wanauliza bei gani dear. Nimewaomba waitoe mara tatu. Wamenijibu niliruhusu mwenyewe, ukurasa wa pili wa fomu.